Kabla Hujauliza Jina la Tairi

Vijana wangu wa Kasongo na Kabambare, ninyi mlioingia kazi ya lori juzijuzi, wengine kwa fedha ya dhahabu ya Salamabila, wengine kwa mchele wa mashamba ya wazee wenu, kila mmoja wenu anayepata lori lake la kwanza la Fuso huja na swali lilelile: Mzee, ninunue tairi la jina kubwa, Michelin au Bridgestone, au ninunue la Kichina, ambalo kwa fedha ya moja la jina napata karibu mawili? Swali hili hujibiwa vijiweni kwa neno moja, na neno hilo moja limeshazika watu. Leo nitalijibu kwa kirefu, na mwenye haraka avumilie.

Msimamo wangu ni huu. Katika barabara zetu, tairi la jina linastahili bei yake kwenye magurudumu mawili ya mbele. Nyuma, tairi la bei nafuu lililochaguliwa kwa akili linatosha, na mara nyingi ndilo lenye faida. Na tairi lililokwisha kutumika Ulaya, hata likiwa na jina la kuheshimika kiasi gani, lisikaribie usukani.

Anzeni kwa kuelewa kwa nini wenye malori wa Ulaya hukubali kulipa bei ile kubwa. Kule tairi zuri linanunuliwa kwa maisha zaidi ya moja. Linatembea kwenye lami mpaka meno yaishe, kisha linapelekwa kiwandani, mwili wake unachunguzwa, linabandikwa mpira mpya juu, linarudi barabarani. Mengine hubandikwa tena mara ya pili. Bei ya siku ya kwanza inagawanywa kwa safari hizo zote, na hesabu inamlipa mwenye lori. Ndiyo sababu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru maalumu juu ya matairi ya malori kutoka China: tairi jipya la Kichina lilikuwa limeshuka bei mpaka likawa linagombea mteja mmoja na lile la kubandikwa, na wenye viwanda vya kubandika walikuwa wanaumia.

Hesabu hiyo haivuki ziwa Tanganyika ikafika kwetu. Hapa hatuna kiwanda cha kubandika, na tairi likiisha Kasongo hakuna atakayelipa nauli ya kulirudisha mbali kulitengeneza. Zaidi ya hayo, kwetu tairi la nyuma hufa mara chache sana kwa kuisha meno. Linakufa kwa jiwe kali lililochana ubavu. Linakufa kwa kisiki kilichofunikwa na majani, kwa msumari wa ubao uliong'oka darajani, kwa kuzunguka mahali pamoja ndani ya matope siku nzima huku vijana wakichimba kwa majembe. Jiwe halisomi jina. Likikata ubavu wa tairi la bei kubwa katika wiki yake ya pili, umepoteza karibu mara mbili ya yule aliyekatiwa la bei nafuu. Kwa hiyo anayewaambia kwamba la jina "linajilipa lenyewe" anasema kweli ya barabara nyingine, ya lami, ya mwendo mrefu na wa kasi, yenye kiwanda cha kubandika mwisho wa safari.

Basi kwa nini nasema la jina liende mbele?

Kwa sababu ya watu. Lori letu halibebi magunia peke yake. Juu ya mchele, mafuta ya mawese na karanga wamekaa akina mama wa soko, wanafunzi wanaorudi shule, mgonjwa anayepelekwa hospitali na ndugu zake wakimshika. Tairi moja la nyuma likipasuka, jirani yake bado lipo, lori linaegemea, shofere anasimama. Tairi la mbele likipasuka katika mteremko, usukani unanyang'anywa mkononi, na lori linakwenda upande uliopasuka, iwe ni korongo au ni nyumba ya mtu. Pale mbele hununui kilomita, unanunua uhakika kwamba nyuzi za chuma ndani ya mpira zimepangwa sawasawa na kila tairi lililotoka katika kiwanda kile lilipimwa kwa ukali uleule. Tofauti kubwa ya kampuni kongwe na viwanda vingi vya bei ya chini iko hapo: katika matairi kumi ya jina, yote kumi yanafanana, katika kumi ya bei ya chini kabisa, saba yanaweza kuwa mazuri kabisa na wewe hujui lipi ni la nane. Nyuma unaweza kuibeba hatari hiyo. Mbele usiibebe, maana hatari hiyo si yako peke yako.

Msinielewe vibaya kuhusu China. Wapo wazee wenzangu wanaolitaja jina la nchi hiyo kama tusi, nami sikubaliani nao. China ina viwanda vya kila daraja. Double Coin na Triangle ni kampuni zinazouza matairi ya malori duniani kote, na si za jana. Michelin na Bridgestone wenyewe wana viwanda vyao huko. Pirelli, jina la Waitaliano tangu karne ya 19, mwaka 2015 iliingia mikononi mwa kampuni ya serikali ya China. Kwa hiyo mtu akikuambia "hili si la China" bado hajakuambia kitu. Muulize limetengenezwa na nani, lini, na kwa uzito gani.

Majibu hayo yote yameandikwa ubavuni mwa tairi, na hapa naomba mtulie mnisikilize, maana kijana asiyesoma ubavu wa tairi anauziwa chochote.

Tafuteni kwanza tarehe. Katika maandishi yanayoanza na herufi DOT, tazameni tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, rudisha mkono mfukoni, maana hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Tairi lililofika Dar es Salaam kwa meli, likapanda treni hadi Kigoma, likavuka ziwa hadi Kalemie au Uvira, halafu likaanikwa juani mbele ya duka miaka mitatu, linang'aa kwa sababu limepakwa mafuta, lakini ukilikunja kidogo ubavuni unaona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. La jina lenye miaka saba ni baya kuliko la Kichina la mwaka huu. Muuzaji atakuapia: "Mzee, hizi pine ni mpya, hazijaguswa." Atakuwa hasemi uongo, na bado usinunue.

Hapo ndipo ubaya wa matairi yaliyotumika Ulaya ulipo. Huko yanavuliwa kwa sababu. Meno bado yanaonekana, jina ni kubwa, bei inavutia, lakini hujui lilibeba nini, lilitembea likiwa na upepo kidogo kwa siku ngapi, liligonga nini. Ubavu wa ndani umechoka na macho hayauoni. Kama fedha imekubana na huna njia, lifunge nyuma, upande wa ndani, na ulitazame kila asubuhi.

Tafuteni pili namba za uzito. Huandikwa mbili zikitenganishwa na mkwaju, kwa mfano 154/150, na herufi ya mwendo pembeni. Ya kwanza ni ya tairi linalosimama peke yake, kama la mbele. Ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili, kama ya nyuma. 154 maana yake kilo 3,750. 150 maana yake kilo 3,350. Fanyeni hesabu hii vumbini kwa kidole: matairi manne ya nyuma yenye 150 yanaruhusu kilo 13,400 kwenye ekseli ile, na ndani ya hizo kilo umo uzito wa lori lenyewe unaoiangukia ekseli hiyo, pamoja na wa sanduku lake, mafuta yake na abiria wake. Kinachobaki ndicho mzigo. Na hata kilo hizo zinapatikana tu kama tairi limejazwa upepo wote ulioandikwa ubavuni.

Hii ndiyo sehemu mnayoikataa, nami naijua sababu yake. Barabara ni mbaya, safari ni chache, kiangazi ni kifupi, vizuizi vya njiani vinataka fedha uwe umebeba nusu au umebeba mara mbili. Kwa hiyo mfanyabiashara anakwambia: ongeza magunia kumi, ongeza mapipa mawili ya mafuta, si lori lipo? Lori lipo, ndiyo. Chuma cha Mjapani kinavumilia, springi mnaziongezea majani. Lakini tairi haliongezewi kitu. Lilipotoka kiwandani limeshaambiwa kikomo chake. Ukilizidishia, ubavu unajikunja kupita kiasi kila linapozunguka, nyuzi zinapashana moto, gundi ya ndani inaachia. Halipasuki siku hiyo. Linapasuka safari ya nne, kwenye bonde la Luama, ukiwa umebeba mzigo wa halali kabisa, nawe unalaumu Wachina.

Nasema kwa moyo wangu wote: katika lawama ninazosikia juu ya matairi ya bei nafuu, nyingi zilipaswa kuelekezwa kwenye mzigo na upepo. Kijana aliyefunga matairi ya kawaida, akapakia kwa kipimo na kupima upepo kila asubuhi, atamshinda aliyefunga ya jina akapakia mpaka lori linalia.

Upepo, basi. Shofere wetu hupima kwa kupiga tairi teke au kwa nyundo na kusikiliza mlio. Mlio unakuambia tairi halijaisha upepo kabisa. Hautakuambia kama lina kilo nane za upepo au lina kilo tano na nusu. Nyuma, palipofungwa mawili, ndipo hatari inapojificha, kwa sababu la ndani likipungua, la nje linabeba uzito wa yote mawili kimyakimya na kwa macho yote yanaonekana yamesimama. Nunueni kipima upepo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya tairi moja. Lori lolote lenye breki za upepo lina tangi la upepo tayari. Bomba la mita chache na kiungo chake vinatosha kujazia njiani. Mkipita matope au mchanga mkipunguza upepo ili tairi lishike ardhi, sawa, hiyo ni akili ya barabara, lakini mkishatoka rudisheni upepo hapohapo, msingoje mpaka mfike Wamaza au Fizi.

Na yaliyofungwa pamoja yawe na kimo kimoja. Jipya likifungwa pembeni ya kipara, lile jipya ndilo linalobeba, na kipara kinaburuzwa. Mmeyaharibu yote mawili. Baada ya kila kipande cha mawe, konvoyeri, yaani msaidizi wa shofere, ashuke atazame katikati ya magurudumu mawili, atoe jiwe lililobanwa. Kazi ya dakika moja.

Kuna suala la nyuzi pia, nyailoni au chuma. Yale ya nyuzi za kukatizana, ya nyailoni, yana ubavu mnene unaovumilia mawe na visiki, na meno yake marefu huchimba matope vizuri. Hayapendi joto. Kwa anayezunguka Kasongo, Wamaza, Kabambare na Salamabila mwendo wa polepole, kwa nyuma si mabaya, na ni ya bei nafuu. Lakini anayefika mpaka Uvira, akikutana na lami ya bonde la Ruzizi akafurahi na kukanyaga mafuta kwa mzigo kamili, atayapika. Huyo na afunge ya nyuzi za chuma. Na msichanganye aina hizi mbili kwenye ekseli moja hata mkiombwa.

Sasa nisikilizeni kuhusu vijana wa kwado, mafundi wa kuziba matairi, maana hao ni wanenu na wadogo zenu. Wamekaa pembeni ya barabara na pistoni kuukuu ya injini, wanawasha petroli ndani yake kuunguza kiraka kwenye mpira wa ndani, wanapokea fedha kidogo na kuwatoa njiani usiku na mchana. Malori yetu mengi bado yana rimu za vipande, zile zenye pete ya chuma ya kufungia. Pete hiyo ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo, inaruka kwa nguvu inayoweza kukata kichwa cha mtu. Na tairi la nyuzi za chuma lililotembea bila upepo wa kutosha, hata kama nje linaonekana zima, nyuzi za ubavuni zimeshavunjika moja baada ya nyingine. Likijazwa tena linafunguka kwa mstari mmoja na kulipuka usoni mwa aliyeinama. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha livuliwe, lichunguzwe ndani, na likionyesha mikunjo au nyaya zilizojitokeza, litupwe. Kujaza kufanyike tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, au angalau likiwa limefungwa mnyororo mzito, na mjazaji asimame mbali akitumia bomba refu. Tairi la bei nafuu halikupunguzii wajibu huu, na la jina halikusamehe.

Kabla sijafika mwisho, jambo moja kuhusu fedha. Afrika Mashariki palikuwa na viwanda vyake. Arusha palikuwa na General Tyre, yenye hisa kubwa ya serikali ya Tanzania. Iliacha kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 2000. Nairobi, Sameer Africa, iliyorithi kiwanda cha Firestone, ilikifunga mwaka 2016 ikitaja ushindani wa matairi ya bei nafuu kutoka nje. Sisi Wakongo tunajua zaidi ya wengine uchungu wa mpira: Dunlop alipolivumbua upya tairi la upepo mwaka 1888, ulimwengu ulitaka mpira, na utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ukawakata babu zetu mikono katika misitu ya Kongo ili wautoe. Leo kila tairi linalofika Kasongo limetoka mbali, limelipiwa dola, na hakuna kiwanda cha jirani cha kutuuzia kwa mkopo. Kwa hiyo anayenunua ovyo anatupa fedha ambayo haitarudi jimboni kwetu Maniema.

Nunueni basi kwa mpango. Msingoje tairi lipasuke ndipo mkimbie dukani, kwa sababu aliyekwama hana sauti ya kupatana bei. Kila safari wekeni kando fedha ya tairi kabla ya kugawana faida. Itakapofika ya kutosha, nunueni mawili ya mbele, mapya, ya tarehe ya karibu, yenye jina na maandishi yaliyochongwa katika mpira wenyewe wala si ya kubandikwa kwa karatasi, na duka liwape risiti. Yale ya mbele yaliyochakaa kidogo yakiwa bado mazima yashushwe nyuma. Nyuma ongezeeni ya bei nafuu kutoka kiwanda kimoja, kimo kimoja, namba moja ya uzito. Mwenye malori mawili au matatu aungane na mwenzake wanunue pamoja. Muuzaji wa Uvira au Kalemie anamheshimu mtu anayechukua kumi na mawili kuliko anayechukua moja akilia.

Na akina shofere ambao lori si lenu: tajiri akikataa kununua tairi la mbele, mwambieni hamtapakia abiria. Mzigo utasubiri. Mkifukuzwa, njooni kwangu, nitakwenda naye msikitini au kanisani, anakosali, nizungumze naye mbele ya wazee wenzake.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Stendi yetu ya Kasongo inahitaji kizimba kimoja cha chuma cha kujazia matairi, na vipima upepo vya kweli kwa vijana wa kwado. Mchomeleaji yupo, chuma kuukuu kipo. Kila mwenye lori achangie kabla mvua za Septemba hazijaanza, na wa Kabambare wafanye chao.